Digrii za Wenyewe

Kabla sijasema lolote kuhusu filamu ya The Shadow Scholars, wacha niweke mambo wazi, usije ukanisoma kama mhakiki ambaye hana mkono ndani ya chungu. Kwa miaka minne nimekuwa mmoja wa watu ambao filamu hii inawazungumzia. Nimeandikia wanafunzi wa Uingereza, Marekani na Australia insha zao za chuo, nikiwa kwenye chumba cha kupanga Rongo, kaunti ya Migori, na wakati mwingine Homa Bay kwa shangazi yangu, kwenye meza ya jikoni, baada ya watoto kulala. Nikihesabu vizuri, nina vipande vya digrii zaidi ya kumi. Hakuna hata kimoja chenye jina langu.

Filamu yenyewe imeelekezwa na Eloïse King. Ilionyeshwa mara ya kwanza Novemba 2024 kwenye tamasha la IDFA, Amsterdam, na Steve McQueen, yule wa 12 Years a Slave, ni mmoja wa watayarishaji wake wakuu. Anayetushika mkono na kututembeza ni Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, ambaye anakuja Nairobi kuwatafuta vijana waliosoma, wasio na ajira, wanaolipwa kuandika kazi za chuo za wanafunzi wa nchi tajiri. Rafiki yangu wa Nairobi alinipatia nafasi ya kuitazama. Niliitazama mara mbili. Mara ya kwanza kama shabiki, mara ya pili kama mshukiwa.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni nyuso. Waandishi hawa hawawezi kuonyesha sura zao, lakini King hakuwaficha kwenye giza au ukungu kama tulivyozoea kwenye habari za saa moja. Amewavisha nyuso nyingine zilizoundwa na akili unde. Wanaongea, wanacheka, wanafikiri, lakini sura si yao. Mwanzoni ilinisumbua. Baadaye nikaona ndio uamuzi bora zaidi katika filamu nzima. Mtu ukimtia gizani, mtazamaji anaanza kumwona kama mhalifu hata kabla hajafungua mdomo. Ukimpa sura, hata ya kuazima, anabaki mtu. Na sisi kazini sura zetu ni za kuazima kweli. Ukishaingia kwenye akaunti ya mteja, wewe ni Emily. Unamjibu mwalimu wake kwa adabu ya Emily, unaomba muda zaidi kwa sababu Emily alikuwa na homa, na nje jogoo wa jirani wa Rongo anawika.

Halafu kuna lile jina: scholars, wasomi. Huku kwetu neno tunalo, jasomo. Wazee wa Kijaluo walilitumia kwa wale wa kwanza kabisa waliofuata shule za misheni, na hadi leo ukionekana na laptopu mkononi utaitwa hivyo. Mama anayeniuzia omena huniita jasomo, na mimi huitika. Filamu inasema hawa watu ni wasomi walionyimwa jina lao. Kusema kweli niliguswa, kwa sababu kwa muda mrefu majina tuliyokuwa nayo ni mawili tu: tapeli na maskini. Lakini filamu ilipoisha nikabaki na swali. Mimi ni msomi kweli?

Chukua mfano huu. Kuna mwaka nilikuwa na mteja wa uuguzi, ng'ambo. Wanafunzi wa uuguzi huko huandika tafakuri: eleza tukio la wodini, ulihisi nini, ulijifunza nini, siku nyingine utafanya nini. Kuna fomula ya hatua sita inayoitwa mzunguko wa Gibbs, na mimi niliijua kama Baba Yetu. Nikaandika jinsi nilivyomshika mkono mzee aliyekuwa anakata roho, jinsi sauti ya mwanawe ilivyokatika, jinsi nilivyotoka nikasimama kwenye korido nikilia. Mimi wodi nimeingia mara moja maishani, kumwona binamu aliyeanguka na bodaboda. Tafakuri ile ilipata alama ya juu. Mwalimu aliandika pembeni kwamba ukweli wa hisia zangu ulimgusa.

Nilicheka siku hiyo. Siku hizi sicheki. Nilichokuwa nacho ni ufundi wa umbo: nilijua insha nzuri inafanana na nini, inaanzaje, inanukuu wangapi, inaungama udhaifu wake katika aya ya ngapi. Sikujua chochote kuhusu kifo. Na mahali fulani palikuwa na mwanafunzi wa uuguzi ambaye hakupata kukaa chini akafikiri juu ya mzee yeyote, kwa sababu mimi nilikuwa nimefikiri kwa niaba yake, tena kwa uongo. Hapo naona filamu inatuhurumia kupita kiasi. Inatupa heshima yetu, asante, lakini haitubani vya kutosha kuhusu ile kazi yenyewe ilikuwa nini.

Utauliza: walinzi wa ubora walikuwa wapi? Walikuwepo, kila wiki. Kila insha ilipitia Turnitin. Sisi wenyewe tulikuwa tunaipitisha kwanza kabla ya kuituma, ikionyesha asilimia ya chini mteja anafurahi na wakala analipa. Programu ile hutafuta maneno yanayofanana na maneno mengine. Haiulizi nani aliyaandika. Insha mpya niliyoitunga mimi usiku kucha ilikuwa safi kama pamba, usafi wa mtu mwingine. Australia ilipitisha sheria dhidi ya biashara hii mwaka 2020, na Bunge la Uingereza likafuata mwaka 2022 kwa ajili ya vyuo vya England. Kwetu oda hazikukatika hata wiki moja.

Kilichozikata ni ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022. Mwaka uliofuata bei ilianza kushuka, halafu wateja wakaanza kupotea mmoja mmoja bila kwaheri. Siku hizi kazi inayobaki ni ya ajabu: mteja anakutumia kitu kilichoandikwa na mashine, anataka ukikande mpaka kisomeke kama cha mtu. Unaongeza kosa dogo hapa, unavunja sentensi pale. Kwa hivyo ukiwatazama wale waandishi wa filamu wakiwa wamevaa nyuso za akili unde, jua kwamba unaona kitu kinachowalinda na kitu kilichowanyang'anya kazi, vyote kwenye uso mmoja.

Sasa ugomvi wangu mkubwa na filamu. Uzito wake umeegemea swali hili: digrii ya ng'ambo ina thamani gani kama iliandikwa Nairobi? Ni swali zuri, na Kingori, akiwa profesa wa Oxford, ana ujasiri kuliuliza. Lakini mimi niliyekaa Rongo nilikuwa na lingine. Kwa nini kijana anayeweza kumwandikia mtu wa Melbourne sura nzima ya tasnifu anashindwa kumaliza digrii yake mwenyewe hapa Kenya? Filamu inatuelekeza kwenye ukosefu wa ajira, na ni kweli. Mimi ningegeuza kamera kidogo, iangalie chuo.

Chuo nilichokiacha sitakitaja, na hakiko Migori wala Homa Bay. Niliacha mwaka wa tatu. Karo ilichangia, lakini kilichonimaliza ni alama zilizopotea. Kila komredi anajua hii hadithi. Unafanya mtihani, unasaini karatasi ya waliohudhuria, muhula unaisha, unafungua tovuti ya wanafunzi, na pale penye alama kuna kistari. Unaenda idarani, unaambiwa mhadhiri hajaleta. Mhadhiri ni wa muda, hajalipwa kitambo, ameshahamia chuo kingine. Unaandika barua pepe, mashine inakujibu kwamba ujumbe wako umepokelewa. Nilianza na vistari viwili. Mwaka uliofuata vikawa vinne. Usiku nilikuwa napata A za Emily, mchana napanga foleni kuitafuta D yangu.

Tuliahidiwa kwamba vitu vikihamia mtandaoni havitapotea tena. Kwangu tovuti ilifanya jambo moja tu: ilinionyesha kupotea kwa alama zangu saa yoyote, popote nilipo, mradi nina bando.

Ndipo nikaanza kusoma zile karatasi ambazo wanafunzi huwa hatuzisomi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ikachukua nafasi ya tume iliyokuwepo tangu 1985. Viwango vyake vya mwaka 2014 nilivisoma kama unavyosoma riwaya ukimsubiri mhusika mmoja ajitokeze. Vinaongea kuhusu ardhi, maktaba, maabara, walimu na sifa zao, mitaala. Vinataka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala mawili kwenye majarida yanayohakikiwa na wasomi wengine. Mhusika wangu, mwanafunzi aliyeketi mbele ya mtu anayetaka kujua kama ameelewa, sikumwona akipewa nafasi kubwa.

Sisemi viwango hivyo ni bure. Sisi wa pande hizi tunakumbuka enzi ambapo vyuo vikuu vilifungua matawi kila mji wenye stendi ya matatu. Mwanzoni mwa 2016 CUE iliagiza jirani yetu, Chuo Kikuu cha Kisii, kifunge kampasi 10. Mtu alilazimika kuja na kuhesabu vyumba na vitabu, na ni vizuri alikuja. Leo Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake 2016 baada ya kulelewa na Moi, na Homa Bay ina Tom Mboya, kilichoanza chini ya Maseno. Mtoto wa Nyatike ama wa Mbita anaweza kusoma chuo kikuu cha umma bila kuvuka kaunti tatu. Hilo si jambo dogo.

Shida ni kwamba vipimo vingi hupima kile ambacho mkaguzi anaweza kukihesabu akiwa amesimama. Na masomo yalipohamia kwenye skrini, hesabu ikahamia huko na tabia zake zote. Machi 2020 korona ilifunga madarasa, kila chuo kikakimbilia mtandaoni. Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kikapewa hati, makao yake Konza. Sasa ushahidi wa ubora ni mihadhara mingapi imepakiwa, nani ameingia, amekaa dakika ngapi, amechangia mjadala mara ngapi. Mteja wangu wa kwanza wa hapa Kenya alikuwa anasoma uzamili kwa njia hiyo. Alinipa nenosiri lake kwa sababu kazi ilimzidi na alikuwa na watoto. Nikawa naingia kila jioni, nafungua kila somo, namjibu kila mwenzake kwa heshima. Kwenye kumbukumbu za mfumo yule alikuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Mfumo haukudanganya. Kuna mtu kweli alikuwa anaingia.

Nikiwa Homa Bay na kichwa kimejaa mambo haya, ninaona jina la Tom Mboya langoni na siwezi kuacha kufikiri juu ya yule mtu mwenyewe. Familia yake ni ya Rusinga. Alitoka Mang'u kwa sababu ya karo, hakufika chuo kikuu kwa njia ya kawaida. Mwaka 1955 alipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, mjini Oxford. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango wake iliwapeleka wanafunzi 81 Marekani. Kwa maneno mengine, mtu ambaye chuo chetu kimebeba jina lake alikatizwa masomo na karo kama wengi wetu.

Na ni Oxford tena, mji wa Kingori. Mji ule unajulikana kwa mtindo mmoja wa kufundisha: mwanafunzi anaandika insha, anaenda nayo kwa mwalimu, anaisoma kwa sauti, halafu anaulizwa. Ulimaanisha nini hapa? Kwa nini unaamini hivyo? Huo ni ukaguzi wa ubora ambao hauhitaji asilimia yoyote. Mtu kama mimi hawezi kukaa kwenye kile kiti kwa niaba yako. Lakini tusiwe wajinga, Oxford nayo ni sehemu ya dunia ambayo filamu inaishuku, na mtindo wenyewe ni wa gharama.

Kuhusu nguvu ya swali, mwalimu wangu alikuwa ni yule mteja wa uuguzi.

Ilikuwa muhula wake wa mwisho. Nilikuwa nimemwandikia kazi kuhusu vidonda vya wagonjwa wanaolala kwa muda mrefu. Usiku mmoja, saa nane za huku, ujumbe ukaingia. Mwalimu mpya alikuwa amewaita wanafunzi wote, mmoja mmoja, dakika kumi na tano kwa video, kila mtu aeleze alichoandika. Akaniandikia: tafadhali niambie nilisema nini.

Nikaanza kumtumia ujumbe wa sauti, aya kwa aya. Tulipofika kwenye suala la kumgeuza mgonjwa kila baada ya muda fulani, akaniuliza kwa nini nilichagua utafiti ule na si mwingine. Nikafungua makala niliyoyanukuu. Manze, nilikuwa nimesoma muhtasari tu. Kwa hivyo tukayasoma pamoja, mimi jikoni Homa Bay, yeye huko kwake, mpaka kukapambazuka. Katikati akaanza kunieleza kuhusu mama mmoja aliyemhudumia wodini, kisigino chake kilivyobadilika rangi, na jinsi yeye alivyoona mapema akamwambia muuguzi mkuu akapuuzwa. Alieleza kwa undani ambao mimi nisingeweza kuutunga. Nikamuuliza, haya yote mbona hukuniambia niyaweke?

Akasema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Alipita. Oda ya kazi iliyofuata hakuileta, na hakurudi tena. Katika miaka minne, sheria za nchi mbili na programu zote za ukaguzi hazikuniondolea mteja hata mmoja. Dakika kumi na tano za mwalimu aliyetaka kujua ziliniondolea mmoja kwa usiku mmoja. Na kama kuna siku nilistahili kuitwa jasomo katika kazi ile, ni usiku huo.

Najua jibu litakalotoka vyuoni: wanafunzi ni wengi. Sawa, tupige hesabu. Darasa la watu 300, dakika kumi kila mmoja, ni dakika 3,000, yaani saa 50. Kwa mhadhiri mmoja hiyo ni wiki nzima ya kazi na zaidi, kwa somo moja, muhula mmoja. Mhadhiri wa muda ambaye hajalipwa hawezi kufanya hivyo, na ni aibu kumwomba. Kwa hivyo usiambiwe kwamba ubora ni suala la teknolojia tu. Ni bili. Serikali na vyuo wanaweza kununua programu ya kukagua maneno kwa sababu ni rahisi kuliko kumlipa mtu akae na wewe dakika kumi. Wakiamua kununua cha bei rahisi waseme hivyo, wasikiite uhakikisho wa ubora.

Ndio maana nasema The Shadow Scholars ni filamu nzuri na bado ni nusu ya hadithi. Inawarudishia waandishi heshima, inaiambia dunia tajiri kwamba akili iliyo ndani ya vyeti vyake wakati mwingine inatoka Kenya, na inafanya hivyo bila kutugeuza kuwa watakatifu wala wezi. Itafute uitazame. Ikiwezekana itazame na mtu anayefundisha chuo. Kisha zima, muulize: katika miaka yako yote ya kufundisha, ni wanafunzi wangapi umepata muda wa kuwauliza walichoandika? Usimuulize kwa kumshtaki. Huenda naye amekuwa akisubiri kuulizwa.

Juzi shangazi aliniuliza kama nitarudi chuo. Nikafungua tovuti, nikashangaa kuona nenosiri langu bado linafanya kazi baada ya muda huu wote. Vistari vinne viko palepale. Nimemwandikia mkuu wa idara, sentensi tatu, bila kupitisha kwenye programu yoyote. Chini nimeweka jina langu.